Chura Aliyebeba Dimbwi Tumboni

Mto Kihansi hauna subira. Unakusanya maji yake juu ya milima ya Udzungwa, kwenye nyanda za baridi upande wa Mufindi, halafu ardhi inakatika chini yake. Katika korongo la kilomita nne hivi maji yanaporomoka zaidi ya mita 800, mwamba hadi mwamba, ndipo yatulie na kwenda kuungana na Kilombero na hatimaye Rufiji. Kila yanapogonga jiwe hupasuka yakawa manyunyu. Manyunyu hayo yalikuwa yakiulowesha mteremko uleule usiku na mchana, masika na kiangazi, tangu zama ambazo hakuna mtu wa kuzisimulia. Chini yake paliota kuvumwani, kangaga na majani laini, na ardhi ilikuwa chepechepe mwaka mzima. Humo, mahali ambapo kwa jumla hapazidi hekta mbili, aliishi chura wa manjano, mdogo hivi kwamba dume angeweza kutulia juu ya ncha ya kidole gumba.

Wanasayansi hawakumjua hadi mwaka 1996, na hawakwenda kule kumtafuta yeye. Tanzania ilikuwa inatafuta umeme. Katika miaka hiyo ya 1990 ukame ulilishusha sana bwawa la umeme la Mtera, na mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha ya mjini: fundi cherehani anasubiri, mwenye mashine ya kusaga anasubiri, mgonjwa wodini anasubiri. Kihansi, kwa ule mporomoko wake, ulifaa kuzalisha umeme kuliko karibu mito yote nchini. Benki ya Dunia na wafadhili wengine walitoa fedha, ujenzi ukaanza, na kazi ikiwa tayari inaendelea ndipo wataalamu wa viumbe wakaingia korongoni kuangalia kuna nini. Wakakuta kuna mengi. Kulikuwa na kahawa ya mwituni ambayo haijaonekana mahali pengine popote duniani. Na kulikuwa na chura huyo, kwa maelfu, katika kile kipande cha ardhi iliyolowa.

Waliomtambulisha rasmi kwa ulimwengu ni John Poynton, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Barry Clarke na Jon Lovett. Walimpa jina *Nectophrynoides asperginis*, neno la pili likitokana na Kilatini cha manyunyu. Kichwa cha makala yao ya kwanza kilisema waziwazi kwamba spishi hii mpya iko hatarini kabisa kutoweka. Ni mara chache kiumbe kupewa jina na hukumu katika sentensi moja.

Ili kuelewa hukumu hiyo ilitoka wapi, hatuna budi kutazama jinsi chura huyu anavyozaa.

Vyura tuliokua tukiwasikia nyuma ya nyumba mvua za kwanza zinaponyesha huzaa kwa namna ambayo kila mtoto wa shule anaijua. Dume anamng'ang'ania jike mgongoni, jike anataga mayai majini, dume anayamwagia mbegu zake nje ya mwili, na baada ya siku chache dimbwi linajaa viluwiluwi. Mayai ni maelfu kwa sababu wa kuyala nao ni wengi: samaki, ndege, kereng'ende wachanga, na jua lenyewe linalokausha dimbwi kabla miguu haijaota. Mama hamjui hata mmoja wa watoto wake. Anaondoka, na idadi ndiyo inayobaki kufanya kazi ya malezi.

Jambo hilo linaloonekana dogo lilimsumbua binadamu kwa karne nyingi. Walikuwapo wasomi walioamini kwamba vyura huzuka tu kutoka kwenye matope. Katika karne ya 18, padri wa Italia aliyeitwa Lazzaro Spallanzani aliwashonea vyura madume suruali za kitambaa kisichopitisha maji, akawaacha wapande majike kama kawaida. Mayai ya majike hao yakaoza bila kuota. Kisha akachukua matone yaliyobaki ndani ya suruali, akayagusisha kwenye mayai mengine, na mayai hayo yakaanza kugeuka viluwiluwi. Mwenyewe aliikosea maana ya alichokiona, kwani alidhani nguvu iko katika majimaji wala si katika vile vijidudu vyenye mikia vilivyokuwa vikiogelea ndani yake. Hata hivyo alikuwa amethibitisha kwamba bila mchango wa dume, yai la chura ni yai tu.

Kwa muda mrefu baada ya hapo ilidhaniwa kanuni ya chura ni hiyo: maji, mayai, kiluwiluwi. Mwaka 1905 Gustav Tornier, mwanazuolojia wa Berlin, alitangaza habari iliyotoka kwenye vyura waliokusanywa katika nyanda za juu za kusini mwa koloni la Wajerumani, nchi ambayo leo ni Tanzania. Ndani ya miili ya majike hakukuwa na mayai ya kutagwa. Kulikuwa na watoto. Hapo ndipo sayansi ilipofahamishwa kwa mara ya kwanza kwamba wapo vyura wanaozaa kama azaavyo mbuzi. Karibu miaka mia moja baadaye, yule wa Kihansi alipopatikana, alitambulika mara moja kuwa ndugu wa hao. Nasaba yote hiyo, jenasi ya Nectophrynoides, ni ya Tanzania tu.

Ukisimama korongoni Kihansi unaona kwa nini ilibidi iwe hivyo. Hakuna dimbwi. Maji yote yanakimbia, na yai lolote litakalotagwa pale litakuwa Kilombero kabla ya jioni. Kiumbe anayeishi ndani ya maji mengi kiasi hicho hana hata kikombe kimoja cha maji yaliyotulia cha kulelea mtoto. Basi dimbwi likahamia tumboni. Dume humshika jike na mbegu zikaingia ndani ya mwili wake. Mayai yake ni machache na makubwa, kila moja likiwa limefungiwa chakula chake cha kiini. Kiluwiluwi anakua humo humo, mkia wake ukiota na kufyonzwa tena gizani, huku ngozi ya tumbo la mama ikiwa nyembamba hivi kwamba ukimgeuza dhidi ya mwanga unawaona wanawe. Kisha wanatoka vyura kamili, wenye miguu minne, kila mmoja akiwa na urefu wa nusu sentimita. Mara nyingi ni kumi hivi, pengine wachache zaidi, pengine wamezidi kidogo. Mama mwenyewe hafiki sentimita tatu.

Ulikuwa mpango mzuri kupita kiasi, lakini ulikuwa na gharama zake. Kwanza, chura anayezaa kumi hawezi kujaza upesi pengo ambalo yule anayetaga elfu kumi angelijaza kwa masika moja. Pili, alikuwa amejikomboa kutoka kwenye dimbwi, lakini si kutoka kwenye maji. Ngozi yake nyororo na watoto wake wa nusu sentimita viliishi kwa manyunyu. Alikuwa ameziweka rehani siku zake zote kwa maporomoko yale.

Mwaka 2000 maporomoko yalizimwa. Mitambo ya Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ilianza kazi, na karibu asilimia 90 ya maji ya mto yakaelekezwa kwenye handaki ndani ya mlima. Umeme ule ulikuwa wa kweli na manufaa yake yalikuwa ya kweli. Sioni haki ya kumlaumu mtu aliyewasha taa yake jioni ile. Ila korongoni manyunyu yalikoma, mimea ya maji ikaanza kunyauka na magugu ya nchi kavu yakaingia. Vyura wakajibana kwenye vipande vilivyobaki na unyevunyevu.

Hatua mbili zilichukuliwa, na zote mbili zilikuwa za haraka. Ya kwanza ilikuwa kurudisha manyunyu kwa mabomba. Mwaka 2001 ulifungwa mfumo wa kunyunyizia, maji yakitelemka kwa uzito wake kutoka juu na kutoka kwenye pua ndogondogo kama ya bustanini, usiku na mchana. Ya pili ilikuwa imekwisha kufanyika. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na serikali ya Tanzania, wataalamu wa shirika linaloendesha bustani ya wanyama ya Bronx huko New York walikusanya vyura kutoka korongoni, wakawafunga kwa unyevu na ubaridi, wakawapandisha ndege. Waliohesabiwa ni 499. Habari ya vyura waliokwenda Marekani ilisemwa sana vijiweni na magazetini, mara nyingi kwa kushangaa kwamba fedha zinatumika kwa kitu kidogo namna hiyo. Naelewa mshangao huo. Lakini wale 499 walikuwa Watanzania wa kipekee kuliko twiga, maana twiga wapo nchi nyingi.

Huko Bronx, na katika bustani nyingine walikogawanywa, ilidhihirika kwamba kumweka kiumbe hai na kuuweka ukoo wake hai ni kazi mbili tofauti. Vyura walikula nzi wadogo na vichanga vya nyenje, wakazaa, halafu wakaanza kufa. Walikuwa na minyoo ya mapafu waliyokuja nayo. Chakula chao hakikuwa na madini ya kutosha. Taa za vizimba hazikuwa na mionzi ya jua ambayo mwili unaihitaji kujenga mifupa, na mama asiye na mifupa imara hawezi kumjengea mtoto mifupa. Bustani moja baada ya nyingine ilipoteza vyura wake. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2004, kati ya wale 499 na vizazi vyao, walikuwa wamebaki chini ya 70, katika bustani za Bronx na Toledo peke yake, zote za Marekani.

Wakati huo huo Kihansi palitokea balaa. Mabomba yalikuwa yamefanya kazi yake kuliko wengi walivyotarajia: katikati ya mwaka 2003 vyura korongoni walikadiriwa kuwa 20,000 hivi. Miezi miwili baadaye walioonekana walikuwa arobaini. Januari 2004 walionekana watatu, na kwenye majani zikasikika sauti za madume wawili wakiita majike.

Wataalamu walibishana kuhusu kila sababu na uzito wake. Mabomba yalikuwa yamesimama kwa muda. Matope ya bwawa yalikuwa yamefunguliwa kupita mtoni, na katika matope hayo kulikuwa na mabaki ya dawa za kuulia wadudu za mashambani. Ila kwenye ngozi za vyura waliokufa alikutwa mgeni ambaye jina lake la kisayansi lilikuwa na umri wa miaka minne tu: kuvu aitwaye kitridi, *Batrachochytrium dendrobatidis*, aliyeelezwa mwaka 1999 na ambaye tayari alikuwa anamaliza vyura Australia na Amerika ya Kati.

Hapo korongoni zilikutana namna mbili za kuzaa zilizotofautiana mno. Kuvu huyu hana dume wala jike anayehitaji kumtafuta. Anajichimbia katika ngozi ya chura, anavimba kama kifuko, na ndani ya siku nne au tano kifuko kinapasuka na kumwaga mbegu nyingi zenye mkia mmoja mmoja, kila moja ikiwa nakala ya mzazi, kila moja ikiogelea kutafuta ngozi nyingine. Kinachohitajika ni maji kidogo na ubaridi wa wastani. Yale manyunyu yaliyokuwa uhai wa chura yakawa barabara ya kuvu. Chura hunywa na kusawazisha chumvi ya mwili kupitia ngozi. Ngozi ikiharibika, chumvi hupotea na moyo husimama. Jike mwenye mimba ya watoto kumi alikuwa akishindana na adui anayejizidisha kabla ya juma kwisha.

Aliyehusika kuutambua ugonjwa huo Kihansi ni Ché Weldon, mtafiti wa Afrika Kusini, na mwaka 2004 yeye na wenzake walitoa hoja iliyoirudisha habari hii kwenye uzazi, safari hii uzazi wa binadamu. Katika miaka ya 1930, kufuatia kazi ya Lancelot Hogben mjini Cape Town, iligunduliwa kwamba ukimdunga chura jike wa majini wa Afrika Kusini mkojo wa mwanamke mjamzito, chura huyo hutaga mayai ndani ya saa chache. Kabla ya hapo kipimo kilichotumia panya au sungura kilichukua siku kadhaa. Sasa hospitali za Ulaya na Marekani zilitaka vyura hao, na maelfu kwa maelfu wakasafirishwa kwa miaka thelathini hivi. Weldon na wenzake walikuta dalili za kuvu kwenye chura wa aina hiyo aliyehifadhiwa tangu mwaka 1938, wakapendekeza kwamba biashara ile ndiyo iliyosambaza ugonjwa. Uchunguzi mkubwa wa vinasaba wa mwaka 2018 ulielekeza kidole kwingine, kwenye rasi ya Korea, lakini ulikubaliana nao katika jambo moja: kilichomfikisha kuvu katika mabara mengi ni binadamu kuwahamisha vyura huku na huko katika karne ya 20.

Mwaka 2009 Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini ilimwandika chura wa Kihansi kuwa ametoweka porini. Wakati neno hilo linaandikwa, hata hivyo, Toledo na Bronx walikuwa wamejifunza. Taa zilibadilishwa. Maji yalichujwa mpaka yakafanana na yale ya mwamba wa Udzungwa, yakanyunyizwa kwa saa. Chakula kilipakwa unga wa madini. Wahudumu walijifunza kumtambua jike aliyekaribia kuzaa na kumtenga, maana mtoto wa nusu sentimita hupotea katika kizimba kama punje ya mtama. Vizazi viliandikwa na koo zikapangwa ili ndugu wasizaliane mno. Pole pole idadi ikapanda kutoka makumi hadi mamia, na kutoka mamia hadi maelfu. Hakuna hata mmoja wa vyura hawa aliyewahi kuyasikia maporomoko. Walikuwa wajukuu na vitukuu wa wale 499, waliozaliwa chini ya taa huko Marekani, lakini kwa makubaliano ya tangu mwanzo walikuwa bado mali ya Tanzania.

Agosti 2010 vyura mia moja walitua Dar es Salaam. Chuo Kikuu kilikuwa kimewaandalia chumba maalumu, chenye kupozwa dhidi ya joto la pwani, na vijana wa Kitanzania waliofunzwa huko Toledo na Bronx ndio waliowapokea. Nadhani kazi ya vijana hao haijapata sifa inayostahili. Kumlea chura anayezaa ni kazi ya kila siku bila Jumapili: kufuga nzi wa kulisha, kupima maji, kuhesabu, kuandika, na umeme ukikatika, kukimbia. Katika chumba kile vyura walizaa. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, chura wa Kihansi alizaliwa Tanzania.

Mwaka 2012 safari ilikamilika. Kwanza wakapelekwa wachache korongoni, katika makasha ya wavu, ili ionekane kama wataweza kuishi na kuvu ambaye hakuwa ameondoka. Desemba wakaachiwa wengine wapatao 2,000 chini ya mabomba ya manyunyu. Hapajawahi kutokea hapo kabla chura, au kiumbe yeyote wa jamii yake, aliyeandikwa kuwa ametoweka porini akarejeshwa nyumbani kwake. Makundi mengine yalifuata katika miaka iliyofuata, huku bustani za Marekani zikiendelea kuzalisha na kutuma.

Pamoja na hayo yote, Orodha Nyekundu haikufuta neno lake. Kanuni yake haihesabu vyura walioachiwa ambao bado hawajazaa hapo watoto wenye uwezo wa kuishi, hata wakiwa 10,000. Mnyama aliyebebwa katika sanduku na kumwagwa kwenye majani bado ni mgeni, hata kama majani hayo ni ya babu zake. Kinachotafutwa ni watoto waliozaliwa hapo hapo, wenye uwezo wa kuishi.

Kwa hiyo wanaoingia korongoni usiku na tochi hawawatafuti wale wa manjano wanaoonekana kirahisi juu ya majani yaliyolowa. Wanapiga magoti. Wanafunua kuvumwani taratibu, kipande kwa kipande, chini ya bomba linalonyunyiza na pembeni ya mto uliopunguzwa sauti, wakitafuta kitu chenye urefu wa nusu sentimita na miguu minne.